Shaka si Bawabu

Wapo wasemao kuwa kijana wa Rugu, huko Karagwe, asithubutu kuandika kitabu cha Kiswahili mpaka Kinyambo kimtoke ulimini. Wapo pia wamshaurio angoje shahada, kisha angoje mchapaji, kisha angoje wasomaji. Mashauri haya yamevaa joho la hekima, lakini mwili wake ni woga.

Na tuupime woga huo kwa mfano. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, iliyo katika mkoa huu huu wa Kagera. Mwaka 1945 alimaliza riwaya yake ndefu kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache. Mchapaji hakupatikana. Je, aliitupa? Hasha! Alipokwisha kupita umri wa miaka sabini aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki.

Huenda wakajibu kuwa mfano huo watisha, kwani nani apendaye kungoja miaka 35? Nasi twasema: aibu ya kungoja ni ya wachapaji, si ya mwandishi. Mchapaji alichelewa, lakini alikuta kitabu. Lau Kitereza naye angalingoja, mchapaji asingalikuta kitu.

Ama hoja ya lugha, Euphrase Kezilahabi alikuwa mwana wa Ukerewe vilevile, wala hakunyonya Kiswahili kwa mama yake. Lakini mwaka 1971 alitoa *Rosa Mistika*, na leo hapana afundishaye riwaya yetu akampita kando. Kosa la lugha lililo karatasini hufutika. Lililofichwa kichwani hakuna mhariri awezaye kuliona.

Hatusemi shaka ifukuzwe. Shaka ni mhariri mwema, bali ni bawabu mbaya. Asimame mlangoni, hapana neno liingialo. Aitwe baada ya sura kwisha, atang'oa magugu na kuacha mazao. Ukurasa mmoja kwa siku ni kurasa 365 kwa mwaka, na papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Basi, enyi walimu wenzangu, kijana wa Rugu akija mlangoni, tusimwulize kama anastahili kuandika. Tumwulize kurasa zake ziko wapi, tukae, tuzisome.