UTAFITI URUDISHWE KWA WANANCHI

Mtaalamu afikapo kijijini na daftari lake hupokewa kwa heshima. Wazee huacha shughuli zao wakajibu maswali. Akina mama huhojiwa juu ya maji, chakula na magonjwa ya watoto wao. Mashamba hupimwa na mavuno huhesabiwa. Kisha mtaalamu huondoka. Ripoti huandikwa, mara nyingi kwa Kiingereza, shahada hutunukiwa, na kitabu huwekwa rafuni. Kijiji kilichotoa maarifa hayo hakipati kusikia yaliishia wapi. Hiyo si haki, wala si elimu.

Wapo wanaodai kuwa kazi ya msomi ni kutafiti tu, na kwamba kuwaeleza wananchi ni kazi ya bwana shamba, bwana afya na mtangazaji. Historia ya Tanzania yawasuta. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliendesha vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya "Wakati wa Furaha", ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Wataalamu hawakuridhika na vigelegele. Walichunguza lililofaulu na lililokwama. Mafunzo ya uchunguzi huo yalisaidia kuijenga kampeni kubwa ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973.

Katika kampeni hiyo viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa ngazi, waliofunzwa kwanza wakiwafunza wenzao. Kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kitabu cha lugha nyepesi, wakajadili malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengineyo, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa. Wataalamu nao walipima hali katika baadhi ya vijiji kabla ya kampeni na baada yake. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai".

Siri ya kazi ile haikuwa redio peke yake. Siri yake ilikuwa kwamba mwananchi hakufanywa gunia la kujazwa maarifa. Alisikiliza, akauliza, akabisha, na uamuzi ukawa wake. Anayechimba choo kwa kuelewa hukitumia na kukitunza. Anayekichimba kwa kumwogopa mkaguzi hukiacha kibomoke mara mkaguzi akiondoka.

Leo vyombo ni vingi kuliko vya mwaka 1973. Zipo redio za jamii na simu za mkononi, na vyuo vikuu vimeongezeka. Kwa hiyo kinachopungua si vyombo, bali ni moyo wa kumhesabu mkulima na mvuvi kuwa wabia katika elimu.

Hapana budi, basi, kila utafiti unaogharimiwa kwa fedha za umma utengewe tangu mwanzo muda na fungu la kurudisha matokeo. Muhtasari uandikwe kwa Kiswahili fasaha na usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji husika. Majibu ya wanakijiji yaandikwe pia, kwani ndiyo yatakayofichua mahali mtafiti alipokosea. Vyuo navyo, vinapopima nani apandishwe cheo, viihesabu kazi hiyo sawasawa na makala za majarida ya ng'ambo.

Itasemwa kuwa hayo ni gharama. Ni kweli, lakini gharama kubwa zaidi ni kulipia utafiti ule ule mara mbili kwa sababu wa kwanza ulifungiwa kabatini.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni wa kijiji. Ikiwa kila ajapo mwenyeji habaki na nafuu yoyote, siku moja atakuta mlango umefungwa, na hatakuwa na wa kumlaumu.