Pumzi Kabla ya Dozi

Mwanafunzi wa famasia anayepelekwa kwa mafunzo ya vitendo Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa pwani ya Lindi, katika Hospitali ya Kinyonga, hupokewa na foleni iliyo mbele ya dirisha la dawa. Mama amembeba mtoto mwenye homa, na dozi ya mtoto hukokotolewa kwa uzito wa mwili. Nukta ya desimali ikihama nafasi moja kulia, dozi huongezeka mara kumi. Mwanafunzi aliyekesha kwa hofu ya mitihani na ada huufikia mstari huo akiwa amechoka. Kwa hiyo msongo wake ni suala la usalama wa mgonjwa, wala si udhaifu wa tabia.

Mojawapo ya njia za kuupunguza ni mazoezi ya utulivu makini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika tiba kwa programu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Mtu huketi wima na kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Fikra ikizurura, huirejesha bila kujilaumu. Dakika 10 zatosha kuanzia. Hayahitaji kifaa wala imani mpya, wala hayachukui nafasi ya swala ya mtu.

Hata hivyo, yasitukuzwe kupita kiasi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 katika JAMA Internal Medicine, wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515, ulionyesha nafuu ndogo ya wasiwasi na sononi. Kuhusu msongo wenyewe, ushahidi ulikuwa hafifu.

Vyuo vinapaswa basi kuyafundisha kabla ya mafunzo ya vitendo, sambamba na usimamizi wa karibu na zamu zenye mapumziko. Chuo kinachofundisha kupumua huku kikimwacha mwanafunzi peke yake dirishani kimempa mwenye njaa dawa ya kuongeza hamu ya kula. Naye anayekosa usingizi kwa majuma, au anayewaza kujiua, amwone daktari bila kuchelewa. Pumzi pekee haitamtosha.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Akimwona mtoa dawa ametua, akavuta pumzi na kukisoma cheti upya, asimhesabie uzembe. Muda huo mfupi ni sehemu ya tiba yake.