Janie hakuwa mhuni

Mhariri,

Katika kikundi chetu cha kusoma vitabu, mwenzetu mmoja amemwita Janie Crawford mhuni kwa kuwa aliolewa mara tatu. Neno hilo limenichoma.

Janie ni mhusika wa riwaya ya Mmarekani Zora Neale Hurston, Their Eyes Were Watching God, ya mwaka 1937. Ndoa ya kwanza hakuichagua yeye. Bibi yake, aliyezaliwa utumwani, alimwoza kwa Logan Killicks mwenye ekari 60, akiamini ardhi itamsitiri mjukuu. Mapenzi hayakuja. Joe Starks, mume wa pili na meya wa Eatonville, Florida, alimpa duka na heshima, kisha akamlazimisha kufunika nywele zake na kumkataza kupiga soga na watu barazani. Karibu miaka ishirini! Nami nimewahi kuishi na mume aliyejibu maswali niliyoulizwa mimi. Najua ukimya ule unavyomla mtu.

Tea Cake, mume wa tatu, alimkaribisha wacheze drafti. Ni jambo dogo, lakini hadi siku hiyo hakuna aliyedhani kwamba Janie angependa kucheza. Sisemi Tea Cake alikuwa malaika. Alimpiga, na hilo silisamehe hata katika kitabu ninachokipenda. Ila Janie aliporudi Eatonville peke yake, amevaa ovaroli, alirudi nyumbani kwake mwenyewe, akamsimulia shoga yake Pheoby maisha yake kwa kinywa chake.

Namwomba mwenzetu akisome tena, aanzie pale dukani.

Msomaji wako,
Tanga