Programu Inayouliza na Programu Inayosikiliza

Programu ya kwanza ya mwanafunzi wa Python aghalabu hutembea mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini: huuliza, hungoja jibu, hukokotoa, huandika matokeo, hukoma. Utaratibu huo wafaa sana kwa hesabu za darasani. Lakini mambo ya ulimwengu hayangoji zamu. Joto la jokofu hupanda usiku wa manane. Ujumbe hufika wakati programu ingali ikiandika faili. Mtandao hukatika bila kuaga. Kushughulikia matukio hayo yasiyo na zamu ni elimu inayostahili kuanza katika shule ya sekondari.

Chukua mfano wa jokofu la chanjo. Chanjo nyingi hazina budi kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kipimajoto kilichomo jokofuni chaweza kutuma habari kwa MQTT, utaratibu wa mawasiliano uliobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Kifaa hupeleka ujumbe kwenye seva ya kati, na seva humgawia kila aliyejiandikisha kupokea mada hiyo. Kwa upande wa Python, maktaba ya programu inayojulikana sana kwa kazi hii ni Paho.

Mwanafunzi asiyeelekezwa ataandika programu inayouliza joto kila baada ya dakika kumi, kisha ilale. Joto likipanda mara tu baada ya swali, dakika kumi zimepotea. Akipunguza muda hadi sekunde moja, programu itauliza mara 86,400 kwa siku, na karibu maswali yote yatakuwa ya bure. Huyo ni mwenye nyumba anayefungua mlango kila dakika kutazama kama mgeni amefika, ilhali mgeni anajua kubisha hodi. (Kuuliza si kosa kila mahali, kifaa chenyewe hakina budi kukisoma kipimajoto chake mara kwa mara.)

Njia iliyo bora ni kusikiliza. Mwandishi wa programu huikabidhi maktaba fanksheni yake, na maktaba huiita ujumbe unapofika. Katika Paho fanksheni hiyo huitwa on_message. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo, kumbe ndipo hatari inapoanza. Fanksheni hiyo huendeshwa katika mkondo uleule wa kazi unaosoma mtandao. Ikikaa dakika mbili ikingoja simu ya mganga ijibu, hakuna anayesoma ujumbe mwingine, wala anayeiarifu seva kwamba mteja yu hai. Kwa kawaida Paho huahidi kutopitisha sekunde 60 bila kuiambia seva lolote. Na kanuni za MQTT huitaka seva ikate mawasiliano isiposikia neno kwa muda wa mara moja na nusu ya huo, yaani sekunde 90. Basi programu iliyokuwa ikihangaikia onyo la kwanza hufungiwa mlango kabla ya kupokea la pili. Dawa yake ni nyepesi: fanksheni ipokee ujumbe, iuweke katika foleni, irudi mara moja, mkondo mwingine uitoe foleni hiyo kwa nafasi yake.

Ipo hatari nyingine iliyo ya kimya zaidi. Mawasiliano yakikatika, Paho yaweza kuunganisha tena yenyewe, lakini seva isiyoagizwa kumkumbuka mteja husahau mada alizojiandikisha. Programu iliyojiandikisha mara moja tu mwanzoni hubaki hai lakini kiziwi. Haitoi kosa lolote, na mtazamaji hudhani jokofu ni salama kwa kuwa hapana onyo. Ndiyo maana kujiandikisha kwapasa kufanywa ndani ya on_connect, inayoitwa kila mara mawasiliano yanapoanza upya.

Wapo wanaodai kuwa mambo haya ni ya chuo kikuu. Dai hilo halina nguvu. Kinachotisha ni msamiati, hasa tangu Python ilipopata asyncio katika toleo la 3.4 mwaka 2014, na maneno async na await katika toleo la 3.5 mwaka 2015. Fikra yenyewe ni hodi na foleni, na hapana mwanafunzi asiyeyajua hayo mawili. Hata katika asyncio sharti halibadiliki: kazi moja ikilala kwa time.sleep, kazi zote za mkondo huo hulala nayo. Ikitumia await pamoja na asyncio.sleep, huwapisha wenziwe.

Wala gharama si kisingizio. Seva ya Mosquitto hupatikana bure, nayo huendeshwa katika kompyuta moja ya darasa bila intaneti. Kila kikundi na kiandike programu yake ya kupokea joto. Kisha mwalimu aizime seva kwa dakika moja na kuiwasha tena, halafu darasa litazame programu ipi inaendelea kupokea na ipi imenyamaza.