Misuli Ikirukaruka, Tusimcheke Mwenzetu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mikataba na saa za kazi. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulificha kwa aibu. Ni habari ya misuli inayorukaruka yenyewe, na hofu inayokuja nyuma yake.

Kila mmoja wetu amewahi kuona jicho lake likicheza. Wazee wetu walisema ni dalili ya mgeni au ya kilio, kisha wakaendelea na kazi zao. Lakini wako wenzetu ambao si jicho tu. Ni paja, ni shavu la mguu, ni bega, ni kidole gumba. Mtu amesimama mashineni kutwa nzima, au amebeba kikapu cha majani ya chai mlimani tangu alfajiri. Jioni anajinyoosha kitandani, na hapo ndipo mguu unaanza kurukaruka kana kwamba kuna mdudu chini ya ngozi. Kesho hali ni ile ile, na maumivu ya hapa na pale yanaongezeka.

Mwenzetu mmoja, fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja hapa Kigali, yalimpata hayo. Usiku mmoja aliuliza simu yake, na simu ikamjibu kwamba huenda ana ule ugonjwa unaoua polepole mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, mpaka mtu anashindwa kutembea, kumeza na kupumua. Tangu usiku ule hakulala vizuri. Kila saa alitazama miguu yake. Alibanabana misuli kujipima mpaka ikauma, na maumivu hayo nayo akayahesabu kuwa dalili mpya. Alikopa katika kikundi cha akiba, akaenda zahanati ya kulipia, akaenda ya pili, akaenda kwa mganga wa mitishamba. Kila mahali alitoka na dawa mkononi na deni mgongoni.

Mwishowe alitueleza sisi wenzake wa chama. Nasi tulifanya nini? Tulicheka. Tulimwambia, "Mwanamume mzima unaogopa mguu wako mwenyewe?" Kwa miezi mitatu hakusema tena na mtu juu ya jambo hilo. Kosa lile lilikuwa letu, na ndiyo sababu tunaandika haya.

Aliyemsaidia ni muuguzi wa kituo cha afya. Alimwambia asimame kwa vidole vya miguu, kisha kwa visigino. Achuchumae na kuinuka bila kushika kitu. Ambane vidole kwa nguvu zake zote. Akamgonga magoti kwa kinyundo. Baadaye daktari wa hospitali ya wilaya alirudia yale yale, akasema: nguvu zako zipo zote, misuli haikupungua, huu ni mwili wa mtu aliyechoka na asiyelala.

Ndugu zetu, misuli kurukaruka bila kupungua nguvu ni jambo la kawaida, na watu wengi wenye afya njema hulipata. Huletwa na uchovu, kukosa usingizi, kahawa na chai kali, vinywaji vya kuongeza nguvu, kazi nzito na mawazo mengi. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic ya Marekani walitangaza habari za wagonjwa 121 wa namna hii, ambao walifuatiliwa kwa muda wa kuanzia miaka 2 hadi 32. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepata ule ugonjwa wa kutisha. Na ugonjwa wenyewe ni wa nadra: huko Ulaya hupata watu kama 2 au 3 kwa mwaka katika kila watu 100,000.

Basi kwa nini mtu haponi upesi? Kwa sababu hofu nayo ni kazi ya mwili. Mwenye hofu hukaza shingo, mgongo na miguu bila kujua. Moyo humwenda mbio, usingizi humtoka. Asubuhi huamka amechoka zaidi, na misuli iliyochoka huzidi kurukaruka. Naye akiona hivyo huogopa zaidi. Ni gurudumu linalojizungusha lenyewe.

Katika nchi hii hatuna haki ya kusema hatujui kwamba hofu huweza kusema kwa mwili. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, neno ihahamuka limejulikana katika kila mtaa. Kila mwezi wa Aprili, siku za kumbukumbu, tumewaona ndugu zetu wakikosa pumzi, wakitetemeka, wakianguka. Hatuwacheki. Tunawashika mkono, tunawapeleka kwa washauri. Hatusemi kwamba hofu ya fundi wetu inalingana na jeraha lile, hata kidogo. Tunasema tu kwamba adabu ile tunayo tayari. Basi tusiiache mlangoni mwa kiwanda.

Lakini tusije tukapotosha watu. Si kila mrukoruko ni uchovu. Ukiona mkono unaangusha vyombo, mguu unaburuta, misuli ya kiganja inapungua, ulimi unakuwa mzito au chakula kinakupalia, usikae nyumbani. Nenda ukapimwe upesi.

Na wewe unayepiga dawa ya wadudu shambani, sikiliza zaidi. Zipo dawa ambazo zikiingia mwilini kwa ngozi au kwa pumzi, misuli hurukaruka pamoja na jasho jingi, mate na machozi kutoka, kutapika, kifua kubana na macho kuona ukungu. Hiyo ni sumu, si mawazo! Acha kazi papo hapo, vua nguo zilizolowa, oga kwa maji mengi na sabuni, upelekwe hospitali mara moja pamoja na karatasi ya jina la dawa ile. Nyapara akisema unajifanya mgonjwa, wenzako wasikubali.

Wengine watasema chama kisijishughulishe na hofu za watu. Sisi tunajibu: mshahara wa mwenzetu uliishia wapi? Na uchovu ule aliupata wapi, kama si kwenye zamu za usiku zilizofuatana? Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Mapumziko, maji safi ya kunywa, nguo na vinyago vya wapiga dawa ni mambo ya kudai, si zawadi ya kuomba.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, mwenye hofu aseme mapema kwa mwenzake mmoja anayemwamini. Pili, aanzie kituo cha afya kwa kadi yake ya mituweli, apimwe vizuri, kisha aache kuzunguka zahanati kumi akitafuta jibu lile lile. Tatu, apunguze kahawa, alale, anyooshe viungo baada ya kazi, na simu aiweke mbali usiku. Nne, hofu ikizidi, amwambie muuguzi bila kuficha. Msaada wa afya ya akili upo katika hospitali za wilaya, na hata anayepelekwa Ndera anakwenda kutibiwa, hakupotea. Tano, sisi wajumbe wa chama tusikilize kwanza, tucheke siku nyingine.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tunaongeza kwamba mficha hofu huumbuliwa na deni.

Fundi wetu yuko kazini. Deni la kikundi amelimaliza. Mguu wake bado hurukaruka usiku mmoja mmoja, hasa baada ya zamu ndefu. Anasema siku hizi huutazama, akauambia, "Hata wewe umechoka," kisha hugeuka upande wa pili na kulala.