Kabichi Zinashuka, Mafuta Yanapanda

Fuso linaloshuka jioni kutoka Lukozi, kwenye milima ya Usambara wilayani Lushoto, hubeba kabichi, karoti na matenga ya nyanya. Litapita Soni, litateremka zile kona hadi Mombo, kisha litashika njia ya Dar es Salaam. Mlimani nako hupanda mzigo mwingine: madumu ya mafuta ya kula, sukari, chumvi, katoni za soda. Anayeshangaa kwa nini presha na kiharusi havisemwi tena kuwa maradhi ya watu wa mjini, aanze kwa kuutazama mzigo huu unaopanda.

Tumezoea kuambiwa kwamba mwananchi hajui lishe, hivyo aelimishwe. Mimi sikubali, walau si kwa Usambara. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti wake wa Lushoto kuhusu majani ya porini, akaonyesha uzito wake katika kitoweo cha Wasambaa. Mnavu na mchunga havikungoja semina. Mboga za majani zina potasiamu, inayousaidia mwili kutoa chumvi. Maharage ya kwenye makande yana nyuzinyuzi, zinazopunguza lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Na aliyekula alipanda mlima kwa miguu, si kwa bodaboda.

Kinachotokea mlo wa namna hiyo ukibadilika kimeshapimwa, tena hapa jirani. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Ndani ya miezi michache tu shinikizo lao la damu lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: chumvi imezidi, potasiamu imepungua. Tofauti ya Lushoto ni kwamba hapa hakuna haja ya kuhama; mji umepanda wenyewe. Uko kwenye chipsi mayai za stendi, kwenye maandazi ya asubuhi, kwenye mchuzi mix unaotiwa juu ya chumvi iliyokwisha kutiwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Sahani ya chipsi, ikinyunyiziwa tena mezani, inakula sehemu kubwa ya kijiko hicho.

Viazi vyenyewe havina kosa. Vimelimwa hapa hapa, na vikichemshwa ni chakula chema. Kosa limo karaini. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kula ya Tanzania yamekuwa yakitoka nje, mengi yakiwa ya mawese. Karibu nusu ya mawese ni aina ya mafuta yanayopandisha lehemu mbaya, ile inayojibandika kwenye kuta za mishipa hadi njia ya damu inakuwa nyembamba. Katika alizeti ya Singida sehemu hiyo ni kama moja ya kumi. Lakini anayenunua mafuta ya kupima dukani haulizi yametoka kwenye mti gani, anauliza bei. Ningekuwa na mfuko wake, nami ningeuliza hivyo hivyo.

Mauritius walilielewa hilo. Mwaka 1987 serikali yao iliamuru mafuta ya bei nafuu, ambayo mengi yake yalikuwa mawese, yawe ya soya. Hadi 1992 wastani wa lehemu kwa watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Kampeni za afya zilikuwapo pia, lakini badiliko la mafuta lilichangia sehemu kubwa ya ushukaji huo, bila kumwachia kila mpishi jukumu la kusoma lebo.

Kwetu njia mojawapo ya kufika huko ni ushuru. Wapo watakaosema ukiongezwa kwenye mawese, maskini ndiye atakayeumia. Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo maana ushuru peke yake hautoshi: alizeti lazima ishuke bei kwa kiasi kile kile mawese yanavyopanda. Tusidanganyane pia kwamba alizeti ni dawa. Mafuta yoyote yanayochemshwa siku nne mfululizo huharibika.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili. Wabunge wa Lushoto, Mlalo na Bumbuli, kodi ya mafuta ya kula ikifika mezani, msiishie kuuliza italeta shilingi ngapi. Ulizeni ni mafuta gani yatakayokuwa rahisi katika duka la Mtae, huko huko mlimani.