Heshima ya Mzee na Dawa ya Watu Wote

Ndugu msomaji, nimefundisha kwa miaka mingi, nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu hapa Mpanda. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha makosa ya wengine. Leo nasahihisha la kwangu, na kwa kuwa ni kosa la wengi wa rika langu, sitalisahihisha kimya kimya.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati wa korona, nilishikwa na homa na kikohozi. Nilipiga nyungu, nikanywa tangawizi na malimau, kisha nikaenda duka la dawa muhimu. Muuzaji alikuwa binti niliyemfundisha darasa la tatu. Akanipokea kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika, nikamwagiza azithromaisini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una cheti cha daktari, mwalimu?" Nikamkazia macho. "Mimi niliyekufundisha kusoma, leo wanidai karatasi?" Binti akainamisha kichwa, akanipa vidonge vitatu. Nilimeza viwili, nikaona nafuu, cha tatu nikampa mjukuu aliyekuwa na mafua. Mwalimu mwenzangu alipokuja kunijulia hali, nikamshauri naye akanunue. Akanunua.

Katikati ya mwaka huo korona ilimkamata mwenzangu huyo kwa nguvu. Alipelekwa hospitali kubwa mbali na hapa, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Baada ya siku kadhaa daktari aliwaeleza watoto wake kwamba sasa mapafu ya baba yao yameingiliwa na bakteria, na kwamba maabara imeona bakteria hao ni sugu kwa karibu kila dawa iliyokuwapo. Tulimzika kabla ya mwezi kwisha. Msibani watu walisema ameuawa na korona. Mimi nasema korona ilivunja mlango tu. Aliyeingia na kuua alikuwa mwingine.

Hapa sharti nieleze kama darasani. Korona husababishwa na virusi. Antibayotiki huua bakteria, haziwagusi virusi. Hata hiyo azithromaisini tuliyoikimbilia ilijaribiwa huko Uingereza kwa maelfu ya wagonjwa wa korona waliolazwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba haikupunguza vifo. Basi kikohozi changu kilipoa chenyewe, nami nikaipa dawa sifa isiyo yake. Kumbe dawa ile ilikuwa na kazi nyingine mwilini mwangu. Bakteria tunaoishi nao siku zote, walio dhaifu walikufa, wachache walioweza kuhimili wakabaki, wakazaana. Tena bakteria sugu huweza kuwagawia wenzao, hata wa aina nyingine, ile silaha yao. Ni kama mwalimu anayewafukuza watoto watiifu na kubaki na wakaidi, kisha akashangaa kuona shule nzima imeharibika.

Chumba cha mahututi ndicho mahali ambapo bakteria hao hupata mavuno. Mgonjwa ana mpira kooni unaopita kando ya kinga zote za pua na koo. Ana sindano mishipani. Wakati wa korona alipewa pia dawa za kupunguza uvimbe wa mapafu, dawa zinazosaidia lakini zinazopunguza nguvu ya mwili kujilinda. Vyumba vilijaa, na muuguzi mmoja aliwahudumia wagonjwa wengi kuliko alivyoweza. Bakteria kama Klebsiella na Acinetobacter hustawi katika hali hiyo. Marekani yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilitangaza kwamba maambukizi sugu ya hospitalini na vifo vyake viliongezeka kwa angalau asilimia 15 kutoka mwaka 2019 hadi 2020. Na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba, kati ya waliolazwa kwa korona, waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibayotiki walikuwa asilimia 8 tu, ilhali waliopewa dawa hizo walikuwa kama asilimia 75. Maana yake ni kwamba madaktari nao walifanya nilichofanya mimi. Hofu iliandika cheti.

Usiniambie kuwa haya ni mambo ya nchi za mbali. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto waliolazwa Muhimbili, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba waliokuwa na aina fulani ya bakteria katika damu walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha wenye malaria, na kwamba usugu wa dawa ulichangia vifo hivyo. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 10 kabla ya korona. Tuliambiwa mapema, hatukusikia. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, naye alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba mtu atakayejipimia dozi ndogo atawafundisha vijidudu kuishinda dawa.

Wako watakaonijibu, "Mwalimu, zahanati iko mbali, foleni ni ndefu, maskini afanye nini?" Swali hilo ni la haki kwa mkulima wa kijijini anayetembea nusu siku. Si la haki kwangu, niliyekuwa na nauli, bima na muda. Sisi wenye uwezo tunajificha nyuma ya maskini. Muuza duka anamlaumu mteja, mteja anamlaumu daktari, daktari anamlaumu mfugaji anayemchoma ng'ombe sindano leo na kuuza maziwa kesho. Kila mmoja ana ushahidi dhidi ya mwenzake, na dawa zinaendelea kwisha nguvu.

Sisemi kwamba vidonge vyetu ndivyo vilivyomwua rafiki yangu. Bakteria wa mahututi mara nyingi hutoka humo humo wodini, mikononi na kwenye vifaa. Lakini wanaoingia wodini ni sisi, na tunaingia na bakteria tuliowalea majumbani. Dawa hizi ni kama ghala la kijiji. Anayechota bila njaa hamwibii mwenye duka, anamwibia yule atakayelala kesho na mpira kooni.

Serikali ilitunga mpango wa taifa wa kupambana na usugu huu mwaka 2017, na mpango wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2028. Ni vyema. Lakini mpango haupimi makohozi. Tudai kila hospitali ya mkoa, Katavi ikiwemo, iwe na maabara inayootesha vimelea na kutoa majibu siku zote, ili daktari asitibu kwa kubahatisha. Tudai maji na sabuni katika kila wodi. Na wakati tunadai, sisi wazee tuache kutumia heshima yetu kama cheti cha daktari.

Nilirudi dukani kumwomba yule binti radhi. Akatabasamu kwa aibu, akasema, "Mwalimu, kwa siku wanakuja wazee watano wa namna hiyo. Nikiwakatalia, wananishtaki kwa baba." Ndugu msomaji, kama wewe ni mmoja wa hao watano, kesho usiende.